Nilijua Tumepotea, Nikanyamaza

Mwezi huu nimepata ujumbe kutoka kwa dada mmoja anayefanya kazi katika nyumba ya kulea wazee hapa Uingereza. Anasema meneja wao amewatangazia kwamba mwezi ujao hakutakuwa na mkutano wa kawaida wa wafanyakazi. Badala yake watapelekwa nje ya mji, watembee milimani na kujenga chelezo kwa mapipa na kamba. Swali lake lilikuwa fupi: "Dada, haya mambo ni ya nini? Nimekuja huku kutafuta riziki, sikuja kucheza."

Nilicheka, maana miaka mitatu iliyopita nilisema maneno hayohayo. Lakini sikumjibu siku ileile, kwa sababu jibu langu ni refu na lina aibu kidogo ndani yake. Leo nalitoa.

Siku ya mvua Edale

Wakati ule nilikuwa na miezi michache tu tangu nipandishwe cheo kuwa msaidizi wa msimamizi wa wodi. Barua pepe ikaja: watu saba wa wodi yetu tumechaguliwa kwenda siku mbili kwenye kituo cha mafunzo ya nje katika Peak District, eneo la milima lililo katikati ya England. Siku hizo zingehesabiwa kuwa za kazi, na mshahara ungelipwa kama kawaida. Nilipomweleza mama yangu kwa simu, huko Tanga, akaguna: "Yaani mwanangu, wanakulipa utembee?" Mume wangu naye akasema nakwenda JKT ya Wazungu.

Tulikuwa msimamizi wa wodi, daktari kijana, mfamasia, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, wauguzi wawili, nikiwa mmoja wao, na msaidizi wa wauguzi. Huyu wa mwisho ni mama wa makamo kutoka Jamaika ambaye ameijua wodi ile kabla yetu sote.

Siku ya kwanza tulijenga chelezo. Mapipa ya plastiki, magogo, kamba. Mimi mtoto wa Tanga, nimekua naisikia bahari, na sijui kuogelea. Nilisema hilo mapema, nikapewa jaketi la kuelea na kazi ya kufunga vifundo. Chelezo kilifumuka katikati ya bwawa, daktari akaanguka majini, tukacheka hadi machozi yakatutoka. Ilikuwa furaha, lakini ukiniuliza leo nilijifunza nini siku ile, sina jibu.

Kisa kiko siku ya pili. Tulipelekwa kijiji cha Edale, chini ya Kinder Scout, mlima wenye urefu wa mita 636. Kwa sisi tunaoijua Kilimanjaro, hicho ni kilima. Lakini juu yake kuna uwanda mpana wa udongo mweusi usio na miti, na ukungu ukishuka hata wenyeji hupotea. Hatukupandishwa hadi huko. Tulipewa ramani, dira, na vituo vitano vya kupitia kwenye miteremko ya bonde. Mkufunzi akatuambia: "Mimi nitatembea nyuma yenu. Sitasema neno isipokuwa mkikaribia hatari."

Kiongozi wa siku hiyo alikuwa mfamasia. Amezaliwa kaskazini mwa England, anatembea milimani tangu utotoni, na viatu vyake vilionyesha hivyo. Akashika ramani. Mimi na yule mama wa Jamaika tukapewa kazi ya kuhesabu hatua na kutazama alama za njiani: ukuta wa mawe, lango, daraja, kijito.

Kituo cha kwanza na cha pili tulivipata bila shida. Kisha mvua ikaanza, ile mvua ya hapa ambayo hainyeshi kwa nguvu wala haikatiki. Tukavuka daraja dogo la mbao. Kabla ya kuanza safari nilikuwa nimeitazama ramani vizuri, na nilikumbuka kwamba baada ya daraja lile kijito kinapaswa kuwa mkono wetu wa kushoto. Sasa kilikuwa kulia. Nikamtazama yule mama, naye akanitazama. Alikuwa ameona pia. Akapandisha mabega, tukaendelea.

Tulitembea dakika 40 kwenye njia isiyo yetu. Moyoni nilikuwa najibizana na nafsi yangu. Labda nimekosea mimi. Yeye amekulia huku, mimi nimekuja juzi. Nikisema halafu nikawa nimekosea, watanicheka. Nikisema na nikawa sahihi, nitakuwa nimemwaibisha mbele ya watu. Na kwa lafudhi yangu hii, katika upepo huu, nitarudia sentensi moja mara tatu. Acha, wataona wenyewe.

Tukaona wenyewe tulipofika kwenye uzio wa waya na malisho ya kondoo ambayo hayakuwamo katika safari yetu. Tukarudi tulikotoka, tumelowa, hakuna anayezungumza.

Swali la mkufunzi

Kituoni tulibadilisha nguo, tukapewa supu ya moto, tukakaa duara. Nilitegemea mkufunzi atatuonyesha kwenye ramani mahali tulipokosea. Hakufanya hivyo. Aliuliza swali moja: "Nani alijua kwamba tumepotea, na alijua lini?"

Watu wakatazama vikombe vyao. Kisha yule mama akanyosha mkono: "Darajani." Nami nikanyosha wangu: "Darajani." Daktari kijana akasema yeye alianza kuwa na shaka pale ukuta wa mawe ulipoisha ghafla. Watatu kati ya saba.

Msimamizi wetu wa wodi akatugeukia. "Kwa nini hamkusema?" Hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu. Baadaye aliniambia kwamba dakika ile mawazo yake hayakuwa milimani tena, yalikuwa wodini.

Nikajibu ukweli: "Nilidhani yeye anajua zaidi."

Hapo mfamasia akasema jambo ambalo sijalisahau. Alisema yeye mwenyewe alianza kuwa na mashaka tangu kwenye lango, hata kabla ya daraja. Lakini kila alipogeuka alituona tunamfuata bila neno, akadhani basi yuko sahihi. Kumbe sisi tulinyamaza kwa sababu yeye aliendelea, na yeye aliendelea kwa sababu sisi tulinyamaza.

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Siku ile tulikuwa wengi na bado neno liliharibika, kwa kuwa hakuna aliyelisema.

Mambo haya yalianzia wapi

Wengi wetu hudhani huu ni mchezo mpya wa kampuni zenye pesa za kuchezea. Sivyo. Una historia, na mwanzo wake ni baharini.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, meli za biashara za Uingereza zilikuwa zikizamishwa katika Atlantiki. Lawrence Holt, aliyekuwa mwenye meli wa kampuni ya Blue Funnel, aliamini kwamba katika mashua za kuokolea watu, mabaharia vijana wenye nguvu walikuwa wakikata tamaa mapema kuliko wazee waliozoea bahari. Kwake, walichopungukiwa si misuli. Walikosa kujiamini na mazoea ya kutegemeana wakati wa dhiki. Mwaka 1941 alishirikiana na mwalimu Kurt Hahn kufungua shule huko Aberdovey, Wales. Wakaiita Outward Bound, maneno ya mabaharia kwa chombo kilichong'oa nanga kuelekea bahari kuu. Hahn mwenyewe alikuwa mhamiaji: Mjerumani wa familia ya Kiyahudi, aliyekamatwa na Wanazi mwaka 1933, akaja Uingereza na kuanzisha shule ya Gordonstoun kule Scotland mwaka 1934.

Baada ya vita, shule za namna hiyo zilienea. Afrika Mashariki ilipata yake miaka ya 1950 huko Loitokitok, upande wa Kenya wa mlima Kilimanjaro. Ninyi mlioko Oman mnayo pia tangu mwaka 2009, na huko darasa lake ni mchanga wa jangwani na majabali.

Kutoka kwa vijana, jambo hili likahamia kwa mameneja. Katika miaka ya 1960, John Adair, aliyekuwa akifundisha katika chuo cha kijeshi cha Sandhurst, aliueleza uongozi kwa duara tatu zinazoingiliana: kazi inayotakiwa kufanywa, timu, na mtu mmoja mmoja ndani ya timu hiyo. Kiongozi akiishughulikia duara moja tu, zile nyingine humponyoka. Mfamasia wetu aliikodolea macho kazi, yaani kuvifikia vituo vitano, na hakuna aliyemkumbusha kutuuliza sisi.

Mwaka 1984 Mmarekani David Kolb akaandika kwamba mtu mzima hujifunza kwa mzunguko: anafanya jambo, anakaa kulitafakari, anatoa funzo, kisha analijaribu funzo hilo mahali pengine. Hapo nikaelewa kwa nini siku ya chelezo haikuniachia kitu. Tulifanya, tukacheka, tukaenda kula. Siku ya mvua tulifanya kisha tukakaa karibu saa nzima tukizungumza kwa ukweli. Ukiondoa kikao kile, ulichobaki nacho ni pikiniki.

Hospitali inahusikaje na ramani

Mnaweza kusema, kupotea milimani ni jambo dogo, tulilowa tu. Ni kweli. Lakini kuna kisa ambacho wafanyakazi wengi wa hospitali hapa Uingereza wamefundishwa. Mwaka 2005 mama mmoja mwenye watoto wawili wadogo, Elaine Bromiley, aliingia hospitali kwa upasuaji mdogo wa sinasi. Baada ya kupewa dawa ya usingizi, njia yake ya hewa ikaziba. Madaktari wenye uzoefu waliendelea kujaribu kupitisha mpira kooni, dakika zikipita. Wauguzi waliokuwamo walikuwa wameelewa hali. Mmoja alileta vifaa vya kutoboa koo, mwingine akaenda kuomba kitanda cha wagonjwa mahututi. Lakini hawakupata njia ya kulisema jambo hilo likasikika. Mama yule alifariki siku kadhaa baadaye.

Mume wake, Martin Bromiley, alikuwa rubani. Hakujishughulisha na kutafuta mtu wa kumlaumu. Aliwauliza watu wa hospitali kwa nini wao hawafundishwi kile marubani wanachofundishwa: kwamba mdogo aliye na wasiwasi lazima aseme, na mkubwa lazima aulize. Mwaka 2007 alianzisha kikundi cha kulifundisha hilo katika huduma za afya, na kazi yake imebadilisha mafunzo yetu.

Kuna na jambo jingine ninalowaambia wanafunzi wa uuguzi ninaowasimamia. Katika miaka ya 1990, mtafiti wa Kimarekani Amy Edmondson alichunguza timu za wauguzi na makosa ya dawa. Alitegemea kukuta kwamba timu nzuri zina makosa machache. Hesabu zikamwonyesha kinyume: timu zilizoongozwa vizuri ndizo zilizokuwa na makosa mengi kwenye kumbukumbu. Alipochimba zaidi akaona sababu yake. Hazikuwa zinakosea kuliko nyingine, ila watu wake hawakuogopa kusema, "Hapa nimekosea."

Sasa turudi kwetu. Mimi nimelelewa kwamba mkubwa akisema, mdogo hushusha macho. Nilipokuwa nasoma stashahada yangu nyumbani, daktari akipita wodini sisi wanafunzi tulikuwa kama tumemeza maji. Malezi yale ni mazuri, na siyatupi. Yamenipa uvumilivu ambao wagonjwa wazee wa hapa wananipendea. Lakini nimejifunza kwamba kumheshimu mtu si kumwacha apotee. Ukimwona baba yako anatembea gizani kuelekea shimo, heshima ni kumshika mkono.

Saa nane ya usiku

Tuliporudi wodini, msimamizi wetu alibadilisha jambo moja tu. Kila mwisho wa kukabidhi zamu, kiongozi wa zamu lazima aulize: "Kuna mtu anaona jambo ambalo mimi silioni?" Kisha anyamaze, ahesabu hadi kumi moyoni kabla ya kusema tena. Majuma ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Watu walitazama saa. Baadaye wakaanza kusema, kwanza mambo madogo ya chati na dripu, kisha makubwa.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa kiongozi wa zamu ya usiku. (Mambo madogo nimeyabadilisha ili mgonjwa asitambulike.) Tulikuwa wachache, na idara ya dharura ilikuwa ikipiga simu kila nusu saa ikitaka kitanda. Nilikuwa nimeamua kumhamishia mzee mmoja kwenye wodi nyingine, maana vipimo vyake vya jioni vilikuwa vizuri. Msaidizi mmoja kijana, mgeni wa nchi kama nilivyokuwa mimi, alikuwa ametoka kumbadilishia shuka. Akasimama kando ya meza akinisubiri nimalize simu.

"Samahani, sista. Yule babu leo hayuko sawa."

Nikamuuliza kimebadilika nini. Hakuwa na jibu la kitaalamu. "Jana alinitania. Leo ananitazama tu."

Maneno ya kumjibu kwamba vipimo viko sawa yalikuwa yameshanifika mdomoni. Ilikuwa saa nane ya usiku, simu inalia tena. Lakini nilimwona alivyoikamata ncha ya aproni yake, nikalikumbuka lile daraja la mbao. Safari hii mwenye kushika ramani nilikuwa mimi.

Nikaenda. Mzee alikuwa anapumua haraka, mapigo ya moyo yamepanda, na hakujua yuko wapi. Nikamwita daktari. Yalikuwa maambukizi yaliyokuwa yanaanza kusambaa mwilini, na katika hali hiyo kila saa ina uzito wake. Dawa zikaanza usiku uleule, na hakuhamishwa. Aliporuhusiwa kurudi nyumbani, yule msaidizi ndiye aliyemsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi mlangoni, na babu alikuwa amerudia utani wake.

Sisemi kwamba matembezi ya Edale yalimwokoa mtu. Aliyemwokoa ni kijana aliyesema. Ninachosema ni kwamba bila siku ile ya mvua, huenda nisingemsikiliza.

Majibu kwa dada, na kwa wengine

Dada yangu, nikujibu sasa. Siku hizo si mchezo, lakini pia si dawa ya kila ugonjwa. Kama kazini kwenu watu wawili wanafanya kazi ya wanne, chelezo hakitaleta wafanyakazi. Kama meneja anawatukana watu, kumwona amevaa kofia ngumu na kamba kiunoni hakutambadilisha. Timu yenye jeraha la namna hiyo inahitaji kwanza jeraha litibiwe. Mkipelekwa nje ili kunyamazishwa malalamiko, mtajua, na mtarudi na hasira zaidi.

Lakini kama nia ni njema, nenda, na nenda ukiwa umejiandaa.

Uliza mapema kama ni siku ya kazi yenye malipo, nani analipia usafiri na chakula, na mtarudi saa ngapi, hasa kama una watoto wa kuchukua shuleni. Jaza fomu ya afya kwa ukweli. Kama una pumu, presha, mgongo unaouma au ujauzito, sema. Kama hujui kuogelea, sema, hata kama umezaliwa Lamu. Mkufunzi mzuri hamlazimishi mtu. Atakutafutia kazi nyingine yenye maana, na wala si ya kukuweka pembeni. Kofia ngumu huvaliwa juu ya hijabu bila tatizo ukichagua mtandio mwepesi usio na pini. Nafasi ya kuswali na chakula halali viombe wiki moja kabla, siyo asubuhi ya safari. Jioni wenzako wakienda baa, unaweza kukaa na juisi yako nusu saa kisha ukaaga. Hakuna atakayekuona huna ushirikiano.

Usivae jinzi wala fulana ya pamba kwa mvua ya huku, zikilowa hazikauki na zinanyonya joto la mwili. Viatu vizuri waweza kuazima, vituo vingi vinavyo. Na ninyi wa Ghuba, adui yenu ni jua: maji ya kutosha, kivuli, na kuanza alfajiri.

Kwa wanafunzi: mtakutana na mambo haya vyuoni, na hata kwenye usaili wa kazi, ambako kundi hupewa jambo la kufanya huku watu wakiandika pembeni. Wengi wetu hudhani wanatafuta anayeongea sana. Mara nyingi wanaangalia nani anawasikiliza wenzake, nani anamvuta aliyekaa kimya, na nani anasema kwa adabu, "Nadhani tumepita njia."

Kama kulisema hilo kunakupa taabu, kuna ngazi tatu zinazofundishwa katika hospitali nyingi, nami nimezifanyia mazoezi mbele ya kioo. Ya kwanza: "Nina wasiwasi na jambo hili." Usiposikika, ya pili: "Sijaridhika, naomba tusimame kidogo." Usiposikika tena, ya tatu: "Hili ni suala la usalama." Hakuna tusi hapo, wala dharau kwa mkubwa. Na lafudhi yako haina kosa lolote.

Kwa ninyi mliopata vyeo: si lazima mlima. Bustani ya mtaani inatosha, na saa mbili zinatosha. Lakini kama shughuli ni saa moja, mazungumzo nayo yawe saa moja. Mpeni uongozi yule ambaye kazini hana cheo. Msimfanye mtu kichekesho. Rudini na jambo moja tu mtakalolibadilisha, na mlifuatilie, maana orodha ya mambo kumi hufa kabla ya Ijumaa.

Na kwa wazazi ambao watoto wao wanaletewa fomu za kambi za shule: mnayo haki ya kuuliza maswali. Mwaka 1993 vijana wanne walikufa katika safari ya mitumbwi kwenye ghuba ya Lyme, kusini mwa England. Kutokana na msiba huo ikaja sheria ya mwaka 1995, iliyoleta leseni kwa vituo vinavyouza shughuli kama kupanda miamba, kuingia mapangoni na michezo ya maji kwa walio chini ya miaka 18. Uliza kituo kina leseni gani, na wakufunzi ni wangapi kwa watoto wangapi. Ukipata majibu ya kuridhisha, mwache mtoto aende.

Basi dada, nakutakia safari njema. Beba soksi za ziada, na mkishatoka majini usikimbilie kuoga na kulala kabla hamjakaa kuzungumza. Ukiona kijito kiko upande usio wake, sema palepale. Kisha niandikie unieleze ilikuwaje, na wengine wenye visa vyao niandikieni pia, hasa waliowahi kunyamaza kama mimi. Mwezi ujao, Mungu akipenda, nitajibu maswali yenu kuhusu kubadilisha vyeti vya uuguzi. Mbaki salama.